Nairobi hadi New York kwa Ndege: Kokotoa Mwenyewe Umbali na Saa za Safari

Ukiuliza umbali wa Nairobi na New York utapewa namba tatu zisizofanana: 11,840, 7,355 na 6,390. Zote ni sahihi. Ya kwanza ni kilomita, ya pili ni maili za nchi kavu, ya tatu ni maili za baharini, ambazo marubani bado wanazitumia. Ukiuliza muda, mmoja atakwambia saa 13, mwingine saa 15, wa tatu atakuonyesha tiketi inayosema unaondoka saa tano usiku na kufika alfajiri, kana kwamba ni safari ya saa saba tu. Huyo naye hajadanganya.

Mwongozo huu unatumia safari hiyo moja kuonyesha namba hizo zinatoka wapi. Ukishaielewa, utaweza kukokotoa Dar es Salaam–Guangzhou, Zanzibar–Muscat au Bujumbura–Brussels kwa njia ileile. Tumeichagua Nairobi–New York kwa sababu ni mruko mrefu kweli, na kwa sababu Kenya Airways ilianza kuiruka bila kutua njiani tarehe 28 Oktoba 2018, kwa Boeing 787-8. Kwa hiyo hesabu zetu zinaweza kupimwa dhidi ya ratiba halisi.

Hatua ya 1: Pata viwanja, si miji

Ndege haitui katikati ya jiji. Chukua latitudo na longitudo za viwanja vyenyewe. Kwenye Google Maps katika simu, bonyeza na ushikilie juu ya uwanja mpaka alama nyekundu itokee. Namba mbili zitaonekana kwenye kisanduku cha kutafutia. Ya kwanza ni latitudo, ya pili longitudo. Kwa safari yetu:

- Jomo Kenyatta (NBO): -1.3192, 36.9278
- John F. Kennedy (JFK): 40.6398, -73.7789

Alama ya kutoa ndiyo inayowaangusha wengi. Kusini mwa ikweta latitudo ni hasi, magharibi mwa Greenwich longitudo ni hasi. Ukisahau kutoa kwenye latitudo ya Nairobi, utapunja kama kilomita 200, na kosa dogo hivyo huenda usiligundue kamwe. Ukisahau kwenye longitudo ya New York, utapata kilomita 5,970 hivi, kwa sababu utakuwa umeihamishia New York Kyrgyzstan.

Kosa jingine ni kuchanganya nyuzi za desimali na nyuzi zenye dakika. Vitabu huandika Jomo Kenyatta iko nyuzi 1 dakika 19 kusini. Hiyo si 1.19. Dakika hugawanywa kwa 60: 19 ÷ 60 ni 0.317, kwa hiyo ni 1.317. Kosa hili hula makumi ya kilomita.

Hatua ya 2: Kokotoa mstari mfupi

Dunia ni mviringo, hivyo njia fupi kati ya sehemu mbili ni kipande cha duara kuu: duara linalopita sehemu zote mbili huku kitovu chake kikiwa katikati ya dunia. Fungua Google Sheets au Excel. Weka latitudo ya Nairobi kwenye A2 na longitudo yake kwenye B2. Za New York ziende A3 na B3. Kisha andika katika kisanduku chochote kitupu:

=ACOS(SIN(RADIANS(A2))*SIN(RADIANS(A3))+COS(RADIANS(A2))*COS(RADIANS(A3))*COS(RADIANS(B3-B2)))*6371

Namba 6371 ni nusu kipenyo cha dunia kwa kilomita. Jibu litakuwa karibu 11,837. Neno RADIANS lisiachwe hata mara moja, maana programu hizi hazisomi nyuzi. Bila neno hilo utapata namba isiyo na maana yoyote, na haitakuonya. Kama simu yako inatenganisha namba kwa nusu koloni au inaandika desimali kwa mkato, badilisha mpangilio wa lugha wa faili kwanza.

Njia ya kuhakiki: gawanya jibu kwa 111.2. Utapata nyuzi 106.45 za mzingo wa dunia. Zidisha hizo kwa 60, utapata 6,387, ambazo ni maili za baharini, kwa kuwa maili moja ya baharini ni dakika moja ya uzi. Fomula inaichukulia dunia kama tufe kamili ilhali imebonyea kidogo kwenye ncha zake, hivyo kokotoo jingine likikupa tofauti ya kilomita 10 au 20 usihangaike.

Mstari huo unapita wapi?

Hapa ramani ya ukutani inadanganya. Weka rula juu yake kutoka Nairobi hadi New York, nawe utaapa kwamba ndege inapita Kamerun, Nigeria, Mali na Mauritania. Anayeufuata mstari wa rula husafiri karibu kilomita 12,190, yaani 350 za bure. Njia fupi huondoka Nairobi ikielekea kaskazini-magharibi, ikakata Uganda, Sudan Kusini, kona ya kusini-magharibi ya Sudan, Chad, Niger, Algeria na Morocco, ikapita jirani kabisa na Marrakech, kisha ikaivuka Atlantiki na kupanda mpaka karibu latitudo 42 kabla ya kushuka tena kidogo kuelekea New York. Ukitaka kuona kwa macho, tafuta tufe la shule na kipande cha uzi. Uvute uzi kutoka mji mmoja hadi mwingine mpaka ukaze. Uzi haujui siasa wala ramani.

Siasa ndizo zinazofuata.

Hatua ya 3: Ongeza kilomita za njia halisi

Hakuna ndege inayofuata mstari mfupi kwa usahihi. Huondoka kwa kuelekea upande wa upepo hata kama safari ni ya upande mwingine, hufuata njia zilizopangwa na waongozaji wa anga, huzunguka mawingu ya radi ya ukanda wa ikweta, na hupanga foleni kabla ya kutua. Kwa mruko mrefu ongeza asilimia 3 kama njia iko wazi. Kwetu: 11,840 × 1.03 ni kama kilomita 12,200.

Ongeza zaidi kama kuna anga iliyofungwa, na kwa safari hii jambo hilo si la nadharia. Anga ya Sudan ilifungwa baada ya vita kuanza Aprili 2023. Tarehe 6 Agosti mwaka huohuo, baada ya mapinduzi, Niger nayo ikafunga yake mpaka mwanzoni mwa Septemba, na Niger imelala moja kwa moja juu ya mstari wetu. Libya mashirika mengi yameikwepa kwa miaka. Kabla ya kukokotoa, tazama ramani ya ndege zilizoruka wiki hii, si ya mwaka jana.

Hatua ya 4: Badilisha kilomita kuwa saa

Boeing 787 husafiri kwa 0.85 ya kasi ya sauti. Katika kimo cha mita 11,000, ambako baridi hufika nyuzi 56 chini ya sifuri, kasi ya sauti ni kama mita 295 kwa sekunde. Zidisha kwa 0.85, kisha kwa 3.6: unapata karibu kilomita 900 kwa saa. Hiyo ni kasi ndani ya hewa. Hewa nayo inatembea.

Mwenye asili ya pwani hahitaji kufundishwa. Jahazi lililongoja kaskazi kuja Mombasa na kusi kurudi Muscat lilikuwa linafanya hesabu hii. Angani, juu ya Atlantiki ya kaskazini, kuna mkondo wa upepo unaovuma kutoka magharibi kwenda mashariki, na wakati wa baridi unaweza kuzidi kilomita 200 kwa saa. Anayekwenda New York ana upepo wa mbisho. Anayerudi anasukumwa kwa nyuma. Lakini usitoe 200 safari nzima. Nusu ya kwanza ya njia yetu iko juu ya Afrika, ambako upepo wa juu ni mpole zaidi, na wapangaji wa safari huisogeza njia kukwepa kiini cha mkondo. Kwa wastani wa safari nzima, toa 50 ukienda na ongeza 40 ukirudi. Makadirio haya yanatosha kupangia safari.

Kwenda: 12,200 ÷ 850 = saa 14 na dakika 21.
Kurudi: 12,200 ÷ 940 = saa 12 na dakika 59.

Sasa ongeza dakika 40. Hizo ni za kutambaa uwanjani kabla ya kuruka, kupanda na kushuka kwa kasi ndogo, na kutafuta mlango baada ya kutua. Kwenda inakuwa saa 15 na dakika moja. Kurudi, saa 13 na dakika 39.

Linganisha na ratiba iliyotangazwa safari ilipoanza 2018: kuondoka Nairobi 23:25, kufika New York 06:25, kuondoka New York 12:25, kufika Nairobi 10:55 siku ya pili. Kwa tofauti ya saa 8, kwenda ni saa 15, sawa na hesabu yetu. Kurudi ni saa 14 na nusu, karibu saa nzima zaidi. Mbona? Ratiba huwekewa akiba. Foleni ya kuruka JFK mchana inaweza kumeza nusu saa peke yake, na shirika hupenda kufika mapema kuliko kuandikwa limechelewa. Ndiyo maana rubani hutangaza kwamba mtatua dakika 25 kabla ya wakati ingawa mlichelewa kuondoka.

Onyo kwa safari fupi: kanuni ya kugawa kwa 900 haifai. Dar es Salaam–Nairobi ni kama kilomita 670. Ukigawa unapata dakika 45, ilhali ratiba husema zaidi ya saa moja na robo. Ndege haipati nafasi ya kukimbia. Inapanda, inanyooka kidogo, inaanza kushuka. Chini ya kilomita 1,500, gawanya kwa 750 kisha ongeza dakika 30.

Kwa nini Nairobi inaweza na wengine wanatua njiani

Boeing hutoa namba ya kilomita 13,530 kama uwezo wa 787-8 kwa mruko mmoja. Safari yetu ni 12,200. Kuna nafasi, utasema. Kuna nafasi ndogo kuliko inavyoonekana.

Jomo Kenyatta iko mita 1,624 juu ya usawa wa bahari. Hewa hapo ni nyepesi kwa takriban asilimia 15 kuliko ya pwani. Mabawa yanapata mnyanyuo mdogo, injini zinavuta hewa kidogo, na ndege inahitaji kukimbia mbali zaidi kabla ya kuinuka. Barabara ya kurukia ina zaidi ya kilomita 4, nayo inasaidia. Hewa ya usiku yenye baridi husaidia zaidi, na ni moja ya sababu za safari ndefu kutoka nyanda za juu kuondoka usiku. Joto la saa nane mchana likiongezwa juu ya kimo, kitu fulani lazima kishushwe: mizigo, abiria au mafuta.

Mafuta ndiyo uzito wenyewe. Mruko huu unahitaji takriban tani 85, na ndege nzima hairuhusiwi kuzidi tani 228 wakati wa kuruka. Ndege inabeba mafuta ya kubebea mafuta: lita utakayoichoma juu ya Atlantiki imebebwa kutoka Embakasi, ulipo uwanja wa Nairobi. Juu ya hayo sheria inadai akiba ya kufika uwanja mwingine kama JFK imefungwa, na ya kuzunguka nusu saa. Ikitokea upepo wa mbisho ni mkali kuliko kawaida, masanduku yako yanaweza kubaki yakaja kesho. Ukijua hivyo, weka dawa, chaja na nguo za siku moja kwenye begi la mkononi.

Addis Ababa iko juu zaidi, kama mita 2,300. Ndege zake za kwenda Marekani kwa miaka zimetua njiani kujaza mafuta, Dublin au Lomé, ilhali baadhi yake zikirudi kutoka usawa wa bahari, tena na upepo wa nyuma, zinafika Addis bila kutua. Njia ileile na ndege ileile. Kilichobadilika ni kimo cha uwanja na upande wa upepo.

Hatua ya 5: Pima gharama ya kuunganisha

Rudia fomula kwa kila kipande, jumlisha. Kupitia Amsterdam: karibu 6,680 na 5,850, jumla 12,530. Kupitia London: 6,840 na 5,540, jumla 12,380. Kupitia Doha: 3,350 na 10,780, jumla 14,130. Ulaya inaongeza asilimia 5 au 6 tu kwa sababu haiko mbali na njia. Ghuba inaongeza 19, kwa kuwa kwanza unarudi mashariki kisha unaanza kwenda magharibi. Hizo kilomita 2,300 za ziada ni saa mbili na nusu hewani, kabla hujakaa uwanjani. Tiketi ya Doha ikiwa na bei nzuri, chukua, lakini ujue unalipa kwa mgongo.

Kila kutua na kuruka huongeza saa 2 angalau. Kama tiketi ni moja, saa 2 za kuunganisha zinatosha viwanja vingi. Kama ni tiketi mbili tofauti, acha saa 5, kwa sababu ukichelewa, shirika la pili halikungoji wala halikurudishii pesa. Ukiunganisha ndani ya Marekani, kwa kawaida unachukua masanduku yako kwenye uwanja wa kwanza, unapita forodha, unayakabidhi upya. Na anayekwenda Toronto kupitia New York asidhani anapita njia tu: mwenye pasipoti ya Kenya, Tanzania au Uganda anahitaji viza ya Marekani hata kwa kupita.

Angalia pia maneno. "Moja kwa moja" kwenye tiketi inaweza kumaanisha namba ya safari haibadiliki, ingawa ndege inatua mahali. Tafuta idadi ya vituo; iandikwe sifuri.

Hatua ya 6: Saa za tiketi na saa za Kiswahili

Watu wengi wameikosa ndege kwa kosa la hapa kuliko la hesabu zote zilizotangulia. Tiketi huandika saa ya mahali husika kwa mfumo wa saa 24. 23:25 ni saa tano na dakika ishirini na tano usiku. 06:25 ni saa kumi na mbili na dakika ishirini na tano asubuhi, si saa sita. Ukimwandikia ndugu wa kukupokea, andika zote mbili.

Mtego mkubwa ni usiku wa manane. Kwa Mswahili usiku ni wa siku inayokuja, na magharibi ikiingia siku imegeuka. Kwa tiketi siku inageuka saa sita usiku kamili. Ndege ya 00:40 tarehe 12 huondoka usiku wa kuamkia tarehe 12: utoke nyumbani jioni ya tarehe 11. Ukifika uwanjani jioni ya tarehe 12, ndege ilishatua zamani.

Kukokotoa muda kutoka kwenye tiketi, peleka saa zote Nairobi kwanza. New York iko nyuma kwa saa 8 wakati wa baridi na saa 7 kuanzia Jumapili ya pili ya Machi hadi Jumapili ya kwanza ya Novemba. Kufika 06:25 wakati wa baridi ni 14:25 ya Nairobi. Kutoka 23:25 hadi 14:25 ni saa 15. Ulaya hubadilisha saa zake Jumapili ya mwisho ya Machi na ya Oktoba, hivyo kuna wiki chache ambapo pengo la London na New York hubadilika. Afrika Mashariki haibadilishi, na hapo ndipo wengi huhesabu kwa mazoea wakakosea.

Kwenda magharibi usiku hurefuka. Jua la Nairobi linazama karibu saa kumi na mbili na nusu jioni. Mwezi Desemba unatua JFK bado giza. Ni usiku wa zaidi ya saa 20. Anayetumia dawa kwa vipindi, hasa insulini, ahesabu saa zilizopita tangu dozi ya mwisho, asifuate saa ya ukutani ya mji wowote, na apange na daktari wake kabla ya kuondoka.

Ndani ya 787 kanieneo ya hewa huwekwa kama ya mita 1,800 hivi, karibu na kimo cha Nakuru, kwa hiyo mkazi wa bara hatahisi tofauti. Wa pwani anaweza kuumwa kichwa kidogo. Hewa ni kavu. Kunywa maji, simama kila saa moja au mbili, na aliyewahi kuganda damu miguuni aulize daktari kuhusu soksi za kubana.

Hatua ya 7: Hakiki kwa ndege zilizokwisha ruka

Ingia Flightradar24 au FlightAware, tovuti za kufuatilia ndege, andika namba ya safari, ufungue historia ya siku saba. Usitazame saa za ratiba. Tazama za kuruka na kutua. Huo ni muda wa hewani, kwa hiyo utakuwa mfupi kuliko wa mlango hadi mlango kwa dakika 20 hadi 45. Chukua wa katikati, si wa haraka wala wa polepole. Ukipanga safari ya Januari, tafuta siku za Januari: upepo wa Julai hautakusaidia kujua utatua saa ngapi.